Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo Dodoma: anayelalamikiwa asiendelee kushika alama za anayelalamika

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Wakuu wa Vyuo na wajumbe wa Mabaraza ya Vyuo, Dodoma na kanda yote ya kati.

Waheshimiwa,

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Nafanyia kazi zangu Makulu, karibu na vyumba wanavyopanga wanafunzi waliokosa nafasi hosteli au walioamua kuishi nje ya chuo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni migogoro ya viwanja, mirathi na matunzo ya watoto. Lakini kila muhula wapo wanafunzi wanaonibishia hodi, wasichana kwa wingi na wavulana mmojammoja, na shauri lao hufanana: mtu mwenye nguvu juu yao chuoni amewataka kimapenzi, amewashika bila ridhaa yao au amewaumiza, nao hawajui chuo kinasema nini kuhusu jambo hilo. Huwa nawauliza kama chuo chao kina sera ya kupinga ukatili wa kijinsia. "Nadhani ipo, mama," ndilo jibu nililolizoea.

Ni kweli ipo. Nimezisoma sera kadhaa za namna hiyo na nyingine zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Zinataja utu, usawa, usiri, haki ya kusikilizwa. Ila binti anayekaa mbele yangu hajawahi kuisoma ya chuo chake, na hata tukiifungua pamoja kwenye simu haimjibu swali lililomleta: nikisema leo, kesho kazi yangu atasahihisha nani?

Kwa sababu ya swali hilo nimeamua kuwaandikia hadharani.

Wanafunzi wanajua vizuri sana mamlaka ya chuo yamekaa wapi. Mtihani wa mwisho wa muhula una kinga zake: mwanafunzi anaandika namba badala ya jina, watahini wa nje huja kupitia usahihishaji, na matokeo hayatangazwi mpaka yapite kwenye vikao. Lakini katika vyuo vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutoka kwenye kazi za muhula, yaani majaribio, kazi za vikundi na uwasilishaji darasani, na alama hizo kwa kiasi kikubwa ziko mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka wa mwisho hali huwa nzito zaidi. Utafiti una msimamizi, na bila saini yake mwanafunzi hawezi kuwasilisha. Msimamizi anaweza kukaa na sura ya pili muhula mzima bila kuirudisha, na usione ni kanuni gani aliyoivunja. Anaweza kusema "njoo tuijadili jioni", na asiwepo wa tatu aliyesikia.

Sasa mfikirieni mwanafunzi mwenyewe. Anasoma kwa mkopo. Akisapu, yaani akifeli somo, anaweza kurudia mtihani, lakini akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, bumu, ile fedha ya mkopo, limekatika na safari ya kurudi kijijini imeanza. Nyumbani Mpwapwa au Iramba wazazi wameshauza mbuzi kwa ajili ya ada iliyobaki. Mtu wa namna hiyo anapoombwa ngono na mwenye kalamu, hapimi tu kama sheria iko upande wake. Anapima ukoo mzima utaishije iwapo atashindwa kumaliza.

Nitoe mfano mmoja, na mambo yote ya kumtambulisha mhusika nimeyabadilisha. Binti wa mwaka wa tatu alipangiwa msimamizi aliyeanza kwa kumsifia akili. Baadaye zikaja jumbe za usiku, na baada ya hapo mwaliko wa kukutana nje ya ofisi. Alipokataa kwa adabu, rasimu zake zikaanza kurudi na maneno mawili tu: "Rudia tena." Rudia nini, haikuelezwa. Akaenda ofisi inayohusika na wanafunzi, wakampokea vizuri, wakamwambia aandike malalamiko ayapitishe kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara na yule msimamizi walikuwa marafiki wa miaka na walikuwa wakiandika machapisho pamoja. Hiyo kwetu inaitwa kesi ya nyani kuipeleka kwa ngedere. Binti hakuandika. Aliniambia, "Mama, ngoja nimalize, nikishamaliza nitasema." Akamaliza. Hakusema hata hapo, kwa sababu alikuwa anaomba kazi na fomu zilimtaka amtaje msimamizi wake wa utafiti kama mdhamini.

Kwenye kumbukumbu za chuo kile, malalamiko hayo hayapo. Nina hakika taarifa ya mwaka ilisomeka kwamba hali ni shwari.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimesikia viongozi wa vyuo wakisema, tena kwa nia njema, kwamba wanafunzi waelimishwe wavunje ukimya. Waheshimiwa, wanafunzi hawa wana elimu. Wanaijua hesabu ya kusema na hesabu ya kunyamaza, na chuo kimeipanga hesabu hiyo kwa namna ambayo kunyamaza kuna nafuu. Kazi ya kuipangua ni yenu, na mna madaraka ya kuifanya.

Sheria ya nchi haijakaa kimya. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ilivyotungwa mwaka 2007, kinamtia hatiani mtu mwenye mamlaka anayeyatumia kudai ngono au upendeleo mwingine kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au fursa. Adhabu iliyowekwa wakati huo ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa maoni yangu ni ndogo mno kwa madhara yanayotendeka, lakini kosa limetajwa waziwazi. Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inaadhibu pia udhalilishaji wa kijinsia, uwe wa vitendo au wa maneno, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 5. Ubakaji wa mtu mzima una kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaziruhusu jumbe za simu kutumika kama ushahidi mahakamani. Na ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, nayo ya mwaka 2015.

TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa yenye makao makuu hapahapa Dodoma, ina namba ya bure, 113. Taasisi hiyo imewahi kufanya utafiti mahususi kuhusu rushwa ya ngono katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, kwa hiyo hakuna kiongozi wa chuo mkoani huu anayeweza kusema jambo hili ni la kusikia mitaani. Mwaka 2018 mhadhiri wa chuo kikuu kimoja nchini alilisema mtandaoni kwa jina lake mwenyewe, na mjadala ukaenea nchi nzima.

Kinachoshindikana ni safari ya kutoka kwenye sheria mpaka kwa mwanafunzi. TAKUKURU ikipata taarifa, njia inayojulikana zaidi ni mtego. Maana yake binti akubali, aende kwenye chumba cha nyumba ya wageni na mtu anayemwogopa, avumilie mpaka maofisa waingie. Wapo waliofanya hivyo na nawaheshimu mno. Lakini chuo kisichoweza kumlinda mwanafunzi mpaka kwanza akubali kuwa chambo kimeshindwa kazi yake ya ndani. Mwaka 2024 hofu iliongezeka, pale ulipoibuka mjadala wa muswada uliotaka hata anayetoa ngono kwa mwenye mamlaka atiwe hatiani. Wanaharakati waliupinga kwa nguvu zote. Hata hivyo mpaka leo napata wanafunzi wanaoniuliza kama wakiripoti watafungwa wao. Sijawahi kuona tangazo la chuo likilijibu swali hilo, na lilistahili kujibiwa ubaoni siku ileile lilipoanza kuulizwa.

Ombi langu kuu, ambalo mkilitekeleza peke yake nitashukuru, ni hili: siku malalamiko yanapopokelewa, kabla ya uchunguzi wowote, anayelalamikiwa aondolewe kwenye alama, usimamizi na saini za yule anayelalamika. Kazi za muhula zisahihishwe na mwalimu mwingine. Utafiti uhamie kwa msimamizi mwingine, ndani ya siku ambazo sera imezitaja kwa tarakimu. Alama alizokwishatoa zipitiwe upya. Na mwanafunzi akihitimu, idara imtafutie mdhamini mwingine wa kumtaja anapoomba kazi, asilazimike kurudi kwa mtu aliyemkimbia.

Najua wahadhiri watasema hii ni kumhukumu mtu kabla ya kusikilizwa. Hoja yao naiheshimu, kwa sababu nimesimama na watu waliosingiziwa na najua uchungu wake. Lakini hakimu mwenye mgogoro na mmoja wa wadaawa hujiondoa kwenye shauri, na hakuna anayesema amehukumiwa. Hatua hii haimgusi mshahara, haimgusi cheo wala jina. Inamlinda hata yeye, maana akiendelea kumsahihisha aliyemlalamikia, alama yoyote atakayompa itakuwa na maneno: ikiwa ndogo ni kisasi, ikiwa kubwa ni hongo ya kumnyamazisha. Mhadhiri mwadilifu ana kila sababu ya kuomba kalamu ile ipewe mwenzake.

Uchunguzi wenyewe usifanywe na watu wa idara moja na mlalamikiwa. Mkoa huu una maofisa ustawi wa jamii, una mawakili, una wanawake waliostaafu utumishi wa umma kwa heshima. Kamati ikiwa na wajumbe wawili kutoka nje ya chuo itaaminika zaidi. Iwe na tarehe ya mwisho. Mlalamikaji apewe majibu kwa maandishi, hata kama majibu ni kwamba ushahidi haukutosha. Jambo linalowavunja moyo wanaokuja kwangu kuliko hata kushindwa ni ile kauli ya "suala lako linashughulikiwa", inayorudiwa mpaka mtu anavaa joho na kuondoka.

Lipo pia la kuhama. Mhadhiri akihisi mambo yanakaribia, anaandika barua ya kuacha kazi, chuo kinapumua, na muhula unaofuata anafundisha mkoa mwingine. Uchunguzi umalizwe hata kama ameondoka, na matokeo yake yaandikwe kwenye jalada lake la utumishi. Wanafunzi wa chuo anachohamia nao ni watoto wa watu.

Serikali iliagiza vyuo vianzishe madawati ya jinsia, na vyuo vingi vimefanya hivyo. Nawapongeza. Ninachoomba ni mtembelee wenyewe mahali lilipowekwa dawati la chuo chenu, mchana wa saa sita, mkaangalie nani anapita. Kama mlango wake uko kwenye korido ya utawala, wenye bango kubwa la maandishi ya bluu, na wahadhiri wanapita kwenda kuchukua barua zao, msishangae kuona halina watu. Lihamishieni karibu na zahanati ya chuo au maktaba, sehemu ambayo mwanafunzi ana sababu kumi za kuwepo. Mtu wa dawati awe na muda wa kazi hiyo. Katika chuo kimoja nilikuta mhusika ni mhadhiri mwenye mzigo kamili wa vipindi. Dawati lilikuwa linafunguliwa akipata nafasi.

Kuhusu kuielewa sera. Nyingi ziko kwa Kiingereza, kurasa kadhaa, kwenye pembe ya tovuti ambayo hata mimi niliifikia kwa kuuliza. Inasomwa kwa haraka wiki ya kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katikati ya maelezo ya usajili, bima na kanuni za hosteli, ukumbini kwenye mamia ya vijana waliochoka na safari. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja mbele na nyuma, ibandikwe ndani ya milango ya vyoo ambako mtu anaweza kusoma bila kutazamwa. Iwepo pia kwa nukta nundu, na iwepo video yake kwa lugha ya alama, kwa sababu vyuo vya Dodoma vina wanafunzi wasioona na viziwi, na kiziwi anayelazimika kuripoti kupitia rafiki aliyejitolea kumtafsiria hana usiri wowote. Wahudumu wa mgahawa na wafanya usafi wa kampuni zenye mikataba wasomewe nao. Wengi ni akina mama wasio na mtu wa kuwasemea, na sera nilizosoma haziwataji.

Iseme wazi pia kuhusu wavulana. Wanaokuja kwangu huja usiku na huanza kwa kusema wameletwa na shauri la rafiki.

Ukurasa huo uwe na jambo jingine ambalo ningetamani kila mwanafunzi alikariri. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyokuwa bora, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zina muda wake na zile za kuzuia mimba zina muda wake. Asioge kwanza kama anaweza. Nguo alizovaa asizifue. Aziweke kwenye mfuko wa karatasi, plastiki huharibu ushahidi. Fomu namba 3 ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini dawa za dharura hazipaswi kuisubiri. Binti mmoja alipoteza siku mbili kwa sababu mlezi wa hosteli alimwambia kwanza waitwe wazazi kutoka mkoani. Mlezi yule hakuwa na ubaya. Hakuna aliyemfundisha. Chuo kiwe na gari na dereva wa kumfikisha mtu hospitali usiku, na mlezi ajue kwamba uamuzi wa kuwaita wazazi ni wa mwanafunzi mwenyewe, ambaye ni mtu mzima.

Na mafunzo kwa vitendo? Mwanafunzi akipelekwa shule ya Kondoa, halmashauri ya Manyoni au hospitali ya wilaya, anapewa alama na mtu ambaye si mwajiriwa wenu. Sera nyingi zinaishia getini. Barua mnayoandika kwa taasisi inayompokea iongezwe aya moja: mwanafunzi huyu analindwa na sera yetu, malalamiko yake yatapokelewa na sisi, na tutamhamisha bila kumkata alama. Aya moja tu, katika barua ambayo tayari mnaiandika kila mwaka.

Septemba 2024 mahakama hapa Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha kwa kumbaka msichana kwa kundi. Nchi nzima ililijua shauri lile kwa sababu video yake ilikuwa imesambaa. Sitaki kurudia maelezo yake, kwa heshima ya aliyetendewa. Najiuliza tu, kwa uchungu, wangapi walitendewa mfano wa hayo bila kuwapo kamera, na walienda kumwambia nani. Chuo kina kila kitu ambacho mtaa hauna: walinzi, zahanati, wanasheria, washauri nasaha, kumbukumbu za maandishi. Mwanafunzi asingojee unyama wake usambae kwenye simu za watu ndipo aaminiwe.

Mabaraza yenu yana ratiba zake na najua sera haibadilishwi kwa siku moja. Naomba jambo hili liwe ajenda ya kikao kinachofuata, lipite kabla ya kuwapokea wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza, na uamuzi wenu, uwe wa kukubali au kukataa, ubandikwe kwenye mbao za matangazo wausome wanafunzi. Sihitaji kujibiwa mimi.

Lakini lipo lisilohitaji Baraza. Kama wakati mnasoma barua hii mnalo shauri ambalo halijaamuliwa, na anayelalamikiwa bado anashikilia rasimu ya aliyemlalamikia, mkuu wa idara anaweza kumpa msimamizi mwingine kwa barua ya mistari mitatu. Aiandike Jumatatu asubuhi.

Wenu katika utumishi wa umma,

Msaidizi wa kisheria,
Makulu, Dodoma